Ugali wa Mchimba Duara na Ugali wa Mkaa Kitini

Ndugu msomaji, mada niliyoikusudia kwa Jumapili hii imebidi isubiri, kwa sababu ya barua iliyotoka Segese, katika Halmashauri ya Msalala, upande ule wa Kahama uelekeao machimbo ya Bulyanhulu. Mwandishi wake ni mama wa watoto wanne, mwenye banda la chakula karibu na maduara ya wachimbaji wadogo. Ameomba jina lake lisitajwe, nami nitaliheshimu ombi hilo.

Anaeleza kwamba mumewe kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kushuka shimoni kwa kamba na tochi, lakini siku hizi hashuki tena. Mungu amemjalia, ana duara lake mwenyewe na hisa katika karasha la kusagia mawe, na kazi yake imekuwa kukaa kitini chini ya mwembe, akihesabu viroba vya mawe na kuzungumza kwa simu. Miaka miwili iliyopita akaonekana ana kisukari. Kliniki ikampa vidonge, akavimeza, na hali ikatulia. Kisha rafiki mmoja akamletea habari mbili kwa mpigo: kwanza, kwamba mwenye kisukari hapaswi kugusa ugali hata tonge moja maishani mwake, pili, kwamba iko dawa ya unga ya Wahindi, ya kale kabisa, ambayo mtu akiinywa hahitaji tena vidonge vya hospitali. Bwana akanunua makopo mawili kwa bei ambayo mama huyu anasema ingelipia sare za watoto wote wanne. Akaacha ugali siku hiyohiyo. Siku ya tatu, saa tano asubuhi, akaanza kutetemeka, akatokwa na jasho la baridi, akasema maneno yasiyoeleweka, akaanguka. Alipozinduka, rafiki yake akamwambia kwamba ni vidonge vinavyopigana na dawa ya asili. Basi akavitupa vidonge.

“Sasa,” anaandika mama huyo, “anakonda, anakunywa maji usiku kucha, na akiniona nasonga ugali hunitazama kama nasonga sumu. Nami kila siku nauza sahani nyingi za ugali kwa vijana wa maduara. Je, nawaua? Na wanangu niwapikie nini?”

Barua hii nimeisoma mara tatu. Kwanza nitatoa jibu lisiloweza kungoja, kisha tuzungumze kwa nafasi.

Kuanguka kwa bwana huyu hakukuletwa na vita baina ya dawa mbili. Viko vidonge vya kisukari, vile vya jamii ya glibenklamidi vikiwamo, ambavyo huikamua kongosho itoe insulini, yaani kile kichocheo kinachoiondoa sukari katika damu na kuiingiza mwilini. Daktari alipompimia bwana huyu dozi, alimpima akiwa mla ugali. Yeye akauondoa ugali, akakiacha kidonge kiendelee kukamua. Sukari ikashuka chini ya kiwango ambacho ubongo unaweza kufanya kazi, na kutetemeka, jasho la baridi na maneno ya ovyo ndizo dalili zake. Mtu akipatwa na hali hiyo naye angali anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha ale chakula na apelekwe kituo cha afya, kwa maana vidonge hivi hukaa mwilini kwa muda mrefu na hali yaweza kurudi. Aliyezimia asitiwe kitu chochote kinywani, akimbizwe hospitali. Mgonjwa anayetumia vidonge hivyo au sindano za insulini, akitaka kupunguza wanga, aanze kwa kuonana na mganga wake ili dozi ipunguzwe kwanza. Na ambaye ugonjwa wake ni wa kuchoma insulini tangu utotoni asiiache insulini hata siku moja, ale wanga au asile.

Hali ya bwana huyu leo, kiu ya usiku kucha na kukonda, ni sukari iliyopanda juu bila mlinzi. Mama, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili, mpeleke apimwe. Tunaobaki tutaendelea.

Je, habari ile ya kuacha wanga ni uzushi? La hasha, na sitaki kumdhihaki rafiki yule kwa hilo. Wanga wa ugali, wali, viazi, muhogo na mkate hugeuka kuwa sukari tumboni, na mtu ambaye mwili wake umeshindwa kuitumia sukari hupata nafuu akiupunguza. Wazo hili si la juzi. Mwaka 1863 mtu wa London aitwaye William Banting, ambaye kazi yake ilikuwa kuzika wafu, alitoa kijitabu akieleza jinsi alivyopungua uzito mkubwa kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Na huko Afrika Kusini ulaji wa namna hiyo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka 1972 daktari Robert Atkins wa Marekani alitoa kitabu kilichoueneza upya. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kikakubali katika ripoti yake kwamba kupunguza wanga ni miongoni mwa njia zenye ushahidi mwingi wa kushusha sukari. Uchunguzi mwingi umeonyesha nafuu kubwa katika miezi sita ya mwanzo. Ikifika mwaka, tofauti baina ya njia hii na nyingine hupungua, kwa sababu watu huchoka na kurudia chakula walichokizoea. Jambo hilo halimshangazi mtu yeyote aliyewahi kujaribu kuishi Usukumani bila ugali.

Lakini kupunguza ni jambo moja, na kuusingizia ugali kwamba ndio ulioleta ugonjwa ni jambo lingine. Mwaka 1989 mabingwa waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam, wakiongozwa na Profesa Donald McLarty, walitangaza matokeo ya kupima sukari kwa watu wazima wa vijiji sita vya Tanzania. Walioonekana kuwa na kisukari hawakufika mtu mmoja katika kila mia. Wanavijiji hao walikula nini? Walikula wanga asubuhi, mchana na jioni: ugali, ndizi, viazi, uji. Nyama ilikuwa ya sikukuu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha takriban watu 9 katika kila 100. Najua kwamba chunguzi hizi mbili hazikupima watu wa aina moja wala kwa njia moja, na haifai kuziweka kwenye mzani kama mawe mawili ya duka. Hata hivyo hakuna mtu anayefanya kazi kliniki atakayekuambia kwamba ugonjwa haujaongezeka. Ugali tulikuwa nao tangu zamani. Kilichobadilika ni mlaji, na vitu anavyouzungushia ugali huo.

Sasa tuifikie dawa ya Wahindi, maana hapo ndipo penye utamu wa habari hii.

Elimu ya tiba ya kale ya India huitwa Ayurveda, maana yake elimu ya uhai. Vitabu vyake viwili vikuu, kimoja kinachonasibishwa na mganga Charaka na kingine na mpasuaji Sushruta, vilikusanywa yapata miaka elfu mbili iliyopita. Waganga hao waliujua ugonjwa wa sukari. Waliuita madhumeha, yaani mkojo wa asali, na waliona kwamba sisimizi huukimbilia mkojo wa mgonjwa. Waliona pia kwamba wagonjwa ni wa namna mbili: yuko aliyezaliwa na asili ya ugonjwa, naye huwa mwembamba, na yuko aliyejiletea kwa mwenendo wake, naye huwa mnene, mpenda kula na mpenda kulala. Tiba ya kisasa ilipoanza kuzitenganisha aina hizo mbili kwa vipimo vyake, wazee hao walikuwa wamekwisha kuzitenga kwa macho.

Kwa mujibu wao mwili hutawaliwa na nguvu tatu ambazo zisipolingana huzaa maradhi: ya upepo, ya nyongo, na ya balghamu. Wasomaji wetu wa pwani hawatashangaa, kwani tabibu wa Kiarabu naye husema habari za balghamu, na mabibi wa Unguja wangali wanapanga vyakula vya baridi na vya moto. Kisukari cha mtu mnene, kwa hesabu ya Ayurveda, huanza kwa balghamu kuzidi. Na huzidishwa na nini? Wazee wanataja starehe ya kukaa, starehe ya kulala, maziwa mgando kwa wingi, nafaka mpya iliyovunwa sasa hivi, na kila kitu kilichotokana na sukari guru. Tafadhali tazama mpangilio huo, ndugu msomaji. Kukaa kumetajwa pamoja na sukari, na nafaka haikutajwa yote bali ile mpya tu, ambayo waliiona ni nzito tumboni kuliko iliyokaa ghalani mwaka mzima.

Basi waganga hao hawakumnyima mgonjwa nafaka. Walimchagulia. Walimpa shayiri kwa namna nyingi, wakampa nafaka ndogondogo za jamii ya ulezi na uwele, wakampa mchuzi wa choroko, na mboga zenye uchungu. Ladha wanazihesabu sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu, na ile ya ukakasi inayokausha ulimi kama ndizi mbichi. Tatu za mwanzo huongeza balghamu, tatu za mwisho huipunguza. Chakula cha bandani kwetu, ukikionja kwa kipimo hicho, kimejaa tamu na chumvi, na uchungu umebaki kwa mgagani peke yake, ambao vijana wengi huusukuma pembeni mwa sahani. Waliweka pia kipimo cha tumbo: sehemu moja ya chakula kigumu, sehemu moja ya maji, na sehemu ya tatu ibaki tupu ili moto wa tumbo upate hewa. Moto huo wa tumbo waliuthamini kuliko chakula chenyewe. Kwao, kumshindilia nyama na samli mtu ambaye moto wake umefifia kwa kukaa ni kutupa gogo bichi juu ya makaa yanayozimika. Jambo ambalo wapenzi wa ulaji wa mafuta mengi bila wanga wangefaa kulifikiria kidogo.

Mahali ambapo mimi nilipoliweka kitabu chini na kucheka peke yangu ni pale Sushruta anapoagiza mazoezi. Tajiri mwenye ugonjwa huu ampe mwili wake mieleka, kupanda farasi na kutembea. Lakini maskini asiye na ndugu, anasema, aende kwa miguu bila viatu wala mwavuli yojana mia moja, umbali ambao hata kwa kipimo kidogo unaipita safari ya kutoka Kahama hadi Dodoma, ale kile anachopewa njiani, au azunguke na ng’ombe malishoni, au alime, au achimbe kisima.

Achimbe kisima! Mama wa Segese, mumeo alikuwa katika tiba hiyo kwa miaka mingi bila kujua. Alishuka duarani asubuhi akiwa amejaza ugali, akapiga mwamba kwa nyundo na tindo, akavuta viroba juu kwa kamba, na jioni ule ugali ulikuwa umekwisha kuteketea katika misuli yake. Msuli unaofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu, na kwa kazi hiyo hauhitaji insulini nyingi; hili wanasayansi wa leo wanalieleza kwa kirefu. Siku alipopanda juu na kukaa kitini, tiba ilikoma, lakini sahani ilibaki ileile ya mchimbaji. Tena ikaongezewa heshima: mwenye duara hanywi maji, huletewa soda. Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 hubeba sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Akinywa tatu kwa siku, na chai ya asubuhi yenye vijiko vinne, na maandazi mawili, huyo amekwisha kula sukari ya kutosha kabla ugali haujaingia mezani na kulaumiwa.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Hapana, vijana wa maduara huwaui. Mtu anayepiga mwamba mchana kutwa anahitaji wanga, na ukimnyima ataanguka shimoni, nako kuanguka shimoni kunaua upesi kuliko kisukari. Ayurveda yenyewe inamtenga mgonjwa mwembamba na dhaifu, ambaye hulishwa ili apate nguvu, na mgonjwa mnene mwenye nguvu, ambaye hupunguziwa. Wale wanaokaa ndio wa kuangaliwa: wanunuzi wa dhahabu, wenye makarasha, walinzi, madereva wa bodaboda, na sisi waandishi wa magazeti pia, ambao duara letu ni meza.

Wasukuma hawakuanza na sembe nyeupe. Mtama na uwele ndivyo vilivyokuwa unga wa Shinyanga kabla mahindi hayajatawala, na wazee wangali wanavikumbuka, kama wanavyokumbuka unga wa njano wa miaka ya shida uliopewa jina la “Yanga”. Unga wa mtama uliosagwa na maganda yake, au dona ya mahindi, humeng’enywa polepole kuliko sembe iliyokobolewa. Lakini tusijidanganye kwa neno asili. Ugali wa mtama ni wanga. Michembe ni wanga. Matobolwa ni wanga, hata kama bibi yako ndiye aliyeyaanika. Mgonjwa anayekataa ugali kisha akatafuna bakuli la michembe na chai ya sukari amebadilisha jina la chakula tu.

Hazina ambayo watu wa Segese wanaipita kila siku ni choroko na dengu. Mkoa wa Shinyanga na jirani zake hupanda dengu kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zikielekea mwisho, na choroko pia hustawi vizuri huko. Kisha tunafanya nini? Tunavijaza magunia na kuviuza, na sehemu kubwa huvuka bahari kwenda India. Mwezi Agosti 1917 ungekuwa habari ya babu zetu. Nasema Agosti 2017, India ilipowekea mipaka uingizaji wa mbaazi na choroko kutoka nje, bei zikaporomoka huku kwetu na wakulima wakabaki na mazao ghalani wakiwa hawajui wayafanyie nini. Choroko hizohizo ambazo Charaka aliwaandikia wagonjwa wa mkojo wa asali! Zina wanga, sitaki mtu aseme nimemficha, lakini katika gramu 100 za choroko kavu mna gramu zipatazo 24 za protini na nyuzinyuzi nyingi, na wanga wake huingia katika damu taratibu. Mimi nilikulia katika nyumba ambamo choroko zilikuwa chakula cha mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umekwisha, na nadhani dharau hiyo imetugharimu.

Kwa hiyo, mama, sahani ya mumeo ipange hivi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani: mgagani, mchicha, majani ya maboga, mlenda, au nsansa ile ya majani ya kunde yaliyokaushwa, kiangazi kikiwa kikali. Robo iwe choroko au dengu zilizochemshwa kwa tangawizi, kitunguu, nyanya na bizari, bila kuzamishwa katika mafuta; au dagaa wa Ziwa, au yai. Robo inayobaki ndiyo ya ugali wa dona au wa mtama, usizidi ngumi yake mwenyewe, si ngumi ya kijana wa karasha. Aanze na mboga na choroko, ugali umalizie. Maji badala ya soda, chai bila sukari. Baada ya kula asirudi kitini. Azunguke maduara yake yote kwa miguu, ayakague moja moja, hata kama hakuna cha kukagua. Yote hayo ayaanze baada ya kliniki kumpangia dawa upya.

Nina jambo moja ambalo nalikataa kwa wazee wa India, nalo ni asali. Waliiruhusu kwa mgonjwa huyu, wakiamini hukausha balghamu. Vipimo vya leo vinasema asali ni sukari, na asali nzuri ya Tabora na Kahama haina ubaguzi: itaipandisha sukari ya mgonjwa kama sukari ya dukani. Na jambo la pili linapaswa kututia adabu sisi sote tunaopenda hekima za kale. Uchunguzi uliofanywa India na kutangazwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba watu milioni 101 wa nchi hiyo wana kisukari. Hapa kwetu, mwaka 1991, Dk. Kaushik Ramaiya na wenzake walieleza jinsi ugonjwa huu ulivyoonekana katika jamii za Kihindu za Tanzania, tena kwa tofauti kubwa baina ya jamii moja na nyingine. Kuwa na kitabu cha Charaka rafuni hakujamlinda mtu anayekaa dukani kutwa na kula vitu vitamu.

Sasa makopo yale mawili. Sitasema yana nini, kwa kuwa sikuyaona. Nitasema kilichoonekana katika mengine. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004, watafiti wa Boston, Marekani, walinunua katika maduka ya mji huo dawa 70 za Ayurveda zilizotoka Asia ya Kusini, wakazipima. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Nyingine huwa si kwa bahati mbaya, kwa kuwa liko tawi la Ayurveda ambalo huchanganya madini na mitishamba kwa makusudi, likiamini kwamba yakichomwa kwa ustadi sumu yake hutoka. Watu wa Segese hawahitaji mimi niwaeleze zebaki ni kitu gani. Mnaishika kwa mikono mkinasia dhahabu, mnaichoma na moshi wake mnauvuta, na mmekwisha kuonywa na maofisa wa afya na wa madini mpaka masikio yamechoka. Mtu ambaye tayari anaivuta zebaki mwaloni hana sababu ya kuinunua tena kwenye kopo na kuilamba kwa kijiko. Figo za mwenye kisukari zina mzigo wake tayari.

Tena yako makopo yaliyokutwa, katika nchi mbalimbali, yametiwa kwa siri vidonge vilevile vya hospitali vilivyosagwa, ndiyo maana mnunuzi huona sukari imeshuka na kumsifu muuzaji. Dawa ya namna hiyo haina dozi, wala hakuna ajuaye kijiko kimebeba vidonge vingapi.

Hii si kusema kwamba kila kilichotoka katika tiba hiyo ni cha kutupwa. Karela, lile tunda lenye magamba na uchungu wa kukunja uso, ni mboga nzuri; uwatu ni kiungo kizuri; mbegu za zambarau zimetumika India kwa ugonjwa huu tangu kale, na mizambarau inaota katika miji yetu mingi. Baadhi ya vitu hivi vimeonyesha kushusha sukari kidogo. Kama chakula, vipike. Kama badala ya dawa, haviwezi kazi hiyo. Na anayetumia vidonge akianza kula karela au uwatu kila siku amwambie mganga wa kliniki, kwa sababu ileile ya yule aliyeanguka saa tano asubuhi. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na liko Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muuzaji akuonyeshe usajili. Akianza kukuhadithia miaka elfu tatu badala ya kukuonyesha karatasi, funga mkoba wako.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka mwaka 1973, tulipokaa kwa vikundi kuizunguka redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 katika Chakula ni Uhai. Wakati ule adui alikuwa malaria, choo kisichochimbwa na mtoto aliyevimba miguu kwa kukosa protini. Hatukuwaza kwamba siku moja tutakaa kuzungumzia mtu aliyezidiwa na chakula. Lakini ule utaratibu wa kusoma pamoja, kuuliza, kisha kuondoka na kufanya, sioni kwa nini usifae tena chini ya mwembe wa Segese, na watu wa kuujaza mkutano wapo pale banda lilipo.

Limebaki swali lako la mwisho, mama, la watoto. Wapikie ugali. Wanakua, wanakimbia, wanatembea kwenda shule. Wanga ni haki yao, pamoja na choroko, mboga na dagaa katika chungu kilekile utakachompikia baba yao, ili asijione ametengwa kwa sahani ya mgonjwa. Soda iwe ya sikukuu kwa nyumba nzima. Na kwa kuwa kisukari cha baba yao hupenda kufuata ukoo, wakifika utu uzima wawe wanapima sukari kila inapowezekana.

Makopo usiyatupe. Yafunge vizuri, uyapeleke pamoja na mgonjwa siku ya kliniki, ili mganga ajue bwana amekuwa akimeza nini. Miguu yake nayo ikaguliwe siku hiyohiyo, vidole na nyayo, kwani matope na mawe ya machimboni huacha vidonda ambavyo mwenye kisukari havisikii. Kisha niandikie tena uniambie kipimo kimesema nini.